Tarakilishi Ilizimika, Nikamlaumu Mwanangu Bure

Msomaji mpenzi, je, umewahi kumfokea mtoto kwa kosa ambalo hata mkono wako ulikuwamo? Kama hujawahi, mshukuru Mola wako. Kama umewahi, sogea tuketi pamoja, kwa maana mimi ni mmoja wenu, na kisa changu ndicho hiki.

Mimi ni mwalimu wa shule ya upili hapa jijini Nairobi. Mwaka wa 2024, zamu ya mke wangu ilifika katika chama cha akina mama wa mtaa wetu. Wenzake walikuwa wamenunua viti vya sebuleni, wengine majiko ya gesi. Yeye alizifunga pesa zake katika leso, akaja nazo hadi mezani nilipokuwa nikila, akasema, "Baba Watoto, hizi ni za laptopu. Mtoto hatamaliza chuo kwa kuazima mashine za watu."

Mwana wetu wa kwanza alikuwa katika mwaka wake wa mwisho chuoni. Alikuwa akitoka nyumbani kila asubuhi kwa matatu na kurudi jioni, na alitakiwa kuandika ripoti ndefu ya mradi wake ambayo bila hiyo asingehitimu. Basi tulishuka mjini, tukanunua tarakilishi iliyokwisha kutumika ng'ambo. Ilitugharimu shilingi 24,000. Ilikuwa safi, inang'aa, na mwenye duka alitupa mkono wa pongezi kana kwamba tumenunua gari.

Miezi miwili baadaye mwanangu alifanya jambo ambalo sikulielewa. Aliiondoa Windows iliyokuwamo, akisema inakokota kama punda mwenye kidonda, akatia mfumo mwingine uitwao Linux, wa aina ya Ubuntu. "Ni ya bure, Baba," akaniambia, "na ni nyepesi." Mimi nikaguna tu. Nimeishi miaka mingi ya kutosha kujua kwamba cha bure huwa na gharama yake.

Kwa faida ya msomaji asiyejua, Linux ilianzishwa mwaka wa 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Ubuntu nayo ilitolewa mara ya kwanza mwaka wa 2004, na mwanzilishi wake ni Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni ndugu wa neno letu utu. Haya yote niliyajua baadaye. Wakati huo nilijua jambo moja tu: mashine ilikuwa nzima, mtoto akaichokora, kisha ikaanza kuzimika.

Naam, ilianza kuzimika. Hapakuwa na onyo wala mlio. Kijana anaandika, maneno yanapangika vizuri, mara kufumba na kufumbua kioo kimekuwa cheusi ti! Akibonyeza kitufe inawaka tena kana kwamba haijafanya lolote. Pengine ingekaa siku mbili bila kisa, pengine ingezimika mara tatu kabla ya chakula cha jioni.

Tuliipeleka kwa fundi mmoja mjini. Aliishika, akaitikisa kidogo, akatega sikio kama anayechagua nazi, akatamka kwamba bodi kuu imekufa na tumpe shilingi 12,000. Tulipomuuliza amejuaje, alisema ana uzoefu. Tukaichukua mashine yetu tukarudi nyumbani.

Usiku huo nilipandwa na mori. Nilimwambia mwanangu mbele ya wadogo zake kwamba ameharibu jasho la mama yake kwa ujuaji wake. Nilimwambia kwamba kama angeiacha mashine ilivyokuja, haya yasingetukia. Alijaribu kusema, "Baba, si mimi niliyeiharibu. Niruhusu nichunguze kwanza." Nikamkatiza. Alinyamaza jii, akaingia chumbani.

Tangu siku ile aliacha kuitumia. Alianza kubaki mjini jioni akiandika ripoti yake kwenye tarakilishi za kulipia kwa dakika. Alhamisi moja alirudi nyumbani saa tatu na nusu usiku, shati limeraruka begani. Vijana wawili walikuwa wamemvizia karibu na kituo cha matatu, wakamnyang'anya simu na zile pesa kidogo alizokuwa nazo. Hakuumizwa, twamshukuru Mungu. Lakini mama yake alinitazama jicho moja ambalo sitalisahau, akaenda kumchemshia maji bila kuniambia neno.

Sikupata usingizi. Kulipopambazuka nilimwita nikamwambia, "Haya, mwanangu, uliomba kuchunguza. Tuchunguze pamoja."

Alichomoa daftari la kurasa 48 kutoka mkobani. Kumbe alikuwa ameanza zamani! Alikuwa ameandika kila mara mashine ilipozimika mikononi mwake: tarehe, saa, kazi aliyokuwa akifanya, kama ilikuwa kwenye stima au kwenye betri, ilikuwa imewekwa wapi, na kama ilikuwa na joto ukiigusa chini. Msomaji, kama hutabeba lingine katika makala haya, beba hili la daftari. Ugonjwa unaokuja na kwenda hautibiwi kwa kukisia. Daktari mwema hukuuliza homa ilikujia saa ngapi kabla hajaandika dawa.

Kisha akafanya jambo la pili. Alinieleza kwamba Linux huweka kumbukumbu ya kila linalotendeka ndani ya mashine. Alifungua dirisha la amri, akaandika "journalctl --list-boots". Ikatokea orodha ya kila mara mashine ilipowashwa, na saa ya neno la mwisho lililoandikwa kabla haijazimika. Akaandika tena "journalctl -b -1 -e", amri inayoonyesha mwisho wa kumbukumbu za safari iliyotangulia ya mashine.

"Tazama, Baba," akasema. "Kuna kuzimika kwa namna tatu. Ya kwanza, mashine huaga. Kumbukumbu zinaonyesha programu zikifungwa moja baada ya nyingine. Maana yake ni kwamba kuna aliyetoa amri: mtu amebonyeza kitufe, au chaji imeisha, au Linux yenyewe imeona hatari ikaamua kuzima. Ya pili, kumbukumbu zinakatika katikati ya kazi kama mtu aliyezibwa mdomo. Hapo umeme umekatika ghafla ndani ya mashine, na Linux haikupata hata nafasi ya kuandika. Ya tatu si kuzimika hasa. Mashine imelala au imeganda, nawe unadhani imekufa."

Nilivutiwa, nikavaa miwani. Akashuka na orodha ile, akilinganisha na daftari lake. Mara akasita.

"Baba, hii ya tarehe 9, saa 23:14, haimo katika daftari langu. Na hii ya tarehe 11, saa 22:50. Na hii. Na hii. Saa hizo mimi hulala. Ni nani hutumia laptopu saa tano usiku?"

Kijasho chembamba kikanitoka.

Msomaji, ni mimi. Kila usiku familia ilipolala, nilikuwa naichukua ile tarakilishi kitandani, naiweka juu ya blanketi, najaza alama za wanafunzi, na nikimaliza natazama mechi za kandanda zilizorekodiwa. Ilikuwa imezimika mikononi mwangu si mara moja, si mbili. Kila mara nilibonyeza kitufe nikaendelea, na asubuhi nikairudisha mezani kimya kimya. Niliogopa mke wangu angesema nimeiharibu zawadi ya mtoto. Kisha nikasimama mbele ya watoto nikamtwika kijana mzigo huo peke yake. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliumbuliwa na mashine.

Nilimwambia ukweli wote. Alicheka kidogo, kisha akasema jambo lililonichoma kuliko angenikasirikia: "Basi umetusaidia, Baba. Sasa tuna ushahidi mwingi zaidi."

Na kweli, zile kumbukumbu za usiku wangu zilikuwa na jawabu. Karibu zote zilimalizika kwa maneno ya Kiingereza "critical temperature reached", yaani joto limefika kiwango cha hatari. Linux haikuwa imeiua mashine. Ilikuwa imeiokoa!

Alinifafanulia hivi. Prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa tarakilishi, hutoa joto inapofanya kazi. Nyingi zimewekewa mpaka wa karibu nyuzi 100 za selsiasi. Joto likikaribia hapo, mashine hupunguza mwendo. Likizidi, mfumo huzima kila kitu kwa utaratibu. Na kama hata hilo halikuwahi, prosesa ina kinga yake ya ndani ambayo hukata umeme papo hapo bila kungoja mtu. Feni huvuta hewa kupitia matundu ya chini na kuisukuma nje kupitia ubavuni. Ukiiweka mashine juu ya blanketi, godoro au mto, umeiziba pua.

Tulitia programu iitwayo lm-sensors, tukaandika amri "sensors", nayo ikatusomea joto. Mashine ikiwa imepumzika mezani ilikuwa na nyuzi 58. Tulipoifungulia filamu, ilipanda hadi 97 kwa dakika chache, feni ikilia kama nzi aliyenaswa chupani. Wazi kwamba blanketi langu halikuwa kosa la pekee. Hata mezani ilikuwa inatweta.

Jumamosi yake tulimpata fundi mwingine, kijana mpole wa mtaani kwetu, aliyekubali tutazame akifanya kazi. Aliizima, akachomoa chaja, akafungua kifuniko kwa bisibisi ndogo, akatenganisha betri kabla hajagusa kingine chochote. Katikati ya feni na mapezi ya kupozea palikuwa na vumbi lililoshikana kama kipande cha blanketi kuukuu. Aliizuia feni kwa kidole isizunguke ovyo, akapuliza vumbi, akasugua kwa brashi laini. Kisha akatuonyesha ile pesti nyeupe inayokaa kati ya prosesa na chuma cha kupozea ili joto lipite. Ilikuwa imekauka ikawa kama chokaa. Aliifuta akapaka nyingine. Kazi yote ilitugharimu shilingi 800.

Tulipopima tena, ilipumzika kwa nyuzi 46, na kwenye filamu haikuvuka 74. Nilitaka kuchinja kuku.

Mwanangu akanizuia. "Tungoje wiki moja, Baba. Daftari halijafungwa."

Alikuwa na haki. Siku ya tatu ilizimika tena! Safari hii ilikuwa baridi, na kumbukumbu zilikatika ghafla bila kuaga. Moyo wangu ulizama. Nilisikia ile sauti ya zamani ikininong'oneza kwamba bila shaka ni hii Linux. Lakini nilikuwa nimejifunza kufunga mdomo. Tulifungua daftari, na safu moja ikatupigia kelele: kila mara ilipozimika bila joto ilikuwa kwenye betri, na kipimo cha chaji kilisoma kati ya asilimia 30 na 40. Ikiwa kwenye stima, haikuzimika hata mara moja.

Hapo ndipo mwanangu alipofanya jaribio lililoitoa Linux kizimbani. Aliichaji ikajaa, akachomoa chaja, akaiwasha huku akibonyeza F2, ikaingia katika ule ukurasa wa mipangilio ya mashine yenyewe kabla mfumo wowote haujaanza. (Kwa mashine nyingine kitufe ni kingine.) Hapo Linux haijaguswa wala haijulikani. Tukaiacha mezani tukanywa chai. Kabla saa moja haijaisha, puu! Ikazimika. Tukarudia ikiwa kwenye stima, ikakaa saa mbili nzima bila kutikisika. Msomaji, kama mashine inazimika pahali ambapo mshukiwa hayupo, utaendelea kumshuku kwa nini?

Tukarudi kwenye Linux tukaandika "upower -d", amri inayoeleza hali ya betri. Ilituambia uwezo wa betri ile ulikuwa umebaki asilimia 43 ya ule iliotoka nao kiwandani. Betri iliyochoka ni kama mzee anayetembea vizuri barabarani lakini akianza kupanda ngazi magoti yanamwisha. Kazi ikiwa nyepesi itabeba. Kazi ikizidi ghafla, nguvu yake huporomoka, na kinga iliyo ndani yake hukata umeme. Kile kipimo cha asilimia ni makadirio tu, na betri ikizeeka makadirio nayo hudanganya.

Betri mpya ilikuwa shilingi 3,500. Ukijumlisha na zile 800 unapata 4,300, si 12,000. Bodi kuu iliyosemekana imekufa ndiyo iliyoandika ripoti ya mwanangu hadi ukurasa wa mwisho, na mwaka huohuo aliiwasilisha kwa wakati.

Sasa, msomaji mpenzi, huenda nawe una mashine ya namna hii nyumbani. Kampuni ya Microsoft ilikomesha usaidizi wake wa kawaida kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na tarakilishi kuukuu zisizoweza kupokea Windows 11 ndizo zinazotiliwa Linux na vijana wetu. Ikianza kuzimika, usianze na lawama. Anza hivi.

Kwanza kabisa, okoa kazi. Nakili faili za mtoto kwenye flashi au mahali pengine salama kabla hujajaribu lolote, na uiweke programu ya kuandikia ijihifadhi yenyewe kila baada ya dakika chache. Mashine hununuliwa tena, lakini ripoti ya miezi sita hainunuliwi.

Pili, fungua daftari, na kila mwenye kuitumia mashine aandike humo. Nasema kila mwenye kuitumia, pamoja na baba.

Tatu, soma kumbukumbu za mashine ujue kama iliaga au ilikatika. Nne, pima joto, na uiweke juu ya kitu kigumu: meza, ubao, hata sinia. Tano, itumie kwa stima peke yake, kisha kwa betri peke yake, uone inazimika wapi. Itazame chaja pia. Volti zilizoandikwa kwenye chaja ziwe zile zile zilizoandikwa chini ya mashine, na wati zisiwe pungufu. Chaja ya wati 45 kwenye mashine inayodai 65 huishiwa pumzi kazi inapokuwa nzito. Aidha, cheza na tundu la chaja uone kama limelegea.

Sita, kama joto ni sawa na umeme ni sawa, zijaribu kadi za RAM kwa programu ya Memtest86+, au uchomoe moja utumie nyingine. RAM mbovu mara nyingi huigandisha mashine au kuiwasha upya. Na jambo la kubadilisha, badilisha moja kwa wakati. Ukibadilisha matatu kwa siku moja, hutajua lipi lilikuponya.

Mwisho, onyo. Ukiona betri imevimba, au kifuniko cha chini kimeinuka, usiibonyeze, usiitoboe, usiichaji tena. Ipeleke kwa fundi anayejua kazi yake. Betri hizo zinaweza kushika moto.

Je, Linux haina kosa kamwe? La hasha, sisemi hivyo. Kuna mashine ambazo feni au kadi ya picha hazielewani nayo vizuri mpaka itiwe masasisho. Ninachosema ni kwamba mshukiwa ahukumiwe kwa ushahidi.

Na mwanangu je? Jumapili iliyofuata, tulipokuwa mezani sote, niliweka kijiko chini nikamwomba msamaha mbele ya wadogo zake, kwa kuwa mbele yao ndipo nilipomwaibisha. Nilieleza habari ya blanketi, na ya kunyamaza kwangu. Kitinda mimba aliuliza, "Kwa hivyo ni Baba aliyeharibu?" Mama yake akamjibu, "Ni vumbi, na betri, na Baba." Sote tukacheka, nami nikacheka kuliko wote, ingawa moyoni nilikuwa nikiwaza lile shati lililoraruka begani.

Simu iliyoibwa haikupatikana. Nilimnunulia nyingine kwa mshahara wa mwezi uliofuata. Lile daftari la kurasa 48 nimelihifadhi katika kabati langu la vitabu shuleni. Mwanafunzi akiletwa mbele yangu na mashtaka mazito, nami nikahisi mori unapanda, hulitazama kwanza, kisha nikamwambia, "Haya, niambie ilivyokuwa, tangu mwanzo."